Ku ziwa, mu ziwa, ziwani: somo la viambishi vya mahali kutoka Ziwa Ngozi

1. Swali

Ziwa Ngozi liko kusini mwa jiji la Mbeya, Tanzania, katika milima ya Poroto. Ni ziwa la volkano, na uso wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuta zinazolizunguka ni za mteremko mkali, zimefunikwa na msitu. Anayetoka barabara ya Mbeya–Tukuyu hupita mashamba, kisha hupanda msituni kwa njia nyembamba mpaka ukingoni, na maji huyaona chini kabisa.

Wakati wa likizo tulipanda huko mwisho wa juma mmoja, wanafunzi watano wa Lubumbashi. Tulikuwa tumepita Kasumbalesa, tukavuka Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na tulifika ukingoni tukiwa na matope mpaka magotini. Kijana aliyetuongoza akasema:

(1) Leo msiende ziwani.

Alikataza nini: kushuka mpaka kando ya maji, au kuingia ndani yake? Wawili kati yetu walielewa kwamba kuogelea ndiko kumekatazwa, wakaanza kushika mizizi ili wateremke. Mwenzetu mwingine akauliza kwa Kiswahili cha kwetu:

(2) Tufike tu ku ziwa, tusiingiye mu ziwa?

Kijana akaelewa mara moja. "Hapana, kaka. Hata karibu na maji msifike. Njia inateleza, mtu akianguka hatumpati." Wale wawili wakarudi juu. Baadaye alituambia kwamba nyumbani kwao husema Kinyakyusa, na huko pia pa, ku na mu hutangulia nomino.

2. Uchambuzi

Katika Kiswahili sanifu, nomino ya mahali huchukua kiambishi tamati -ni: ziwa, ziwani. Umbo hilo moja hubeba maana tatu: penye ziwa, kuelekea ziwa, ndani ya ziwa. Tofauti haikupotea, ila imehamia kwenye upatanisho wa kisarufi:

(3) Nyumbani pangu pana wageni. (ngeli ya 16)
(4) Nyumbani kwangu ni mbali. (ngeli ya 17)
(5) Nyumbani mwangu mna giza. (ngeli ya 18)

Sentensi (1) haina neno linalopatana na ziwani, kwa hiyo msikilizaji hana pa kushika. Kiswahili cha Lubumbashi huweka tofauti hiyo mbele ya nomino yenyewe: ku ziwa ni mwelekeo au ukaribu, mu ziwa ni ndani. Swali (2) lilitenganisha kwa silabi mbili mambo ambayo (1) iliyaacha pamoja.

3. Pingamizi

Wako wanaosema kwamba mu nyumba ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiswahili, yaani mu ni "dans" na ku ni "à". Nina sababu mbili za kutokubali. Kwanza, lugha za jirani zilizolisha Kiswahili chetu zina viambishi hivyo hivyo. Kibemba husema mu ng'anda, "ndani ya nyumba". Pili, na hii ndiyo yenye uzito zaidi, viambishi hivi hutawala kitenzi:

(6) Mu ng'anda muli abantu. (Kibemba)
(7) Mu nyumba muko batu. (Lubumbashi)

Katika mifano yote miwili kitenzi kimechukua mu- kwa sababu ya mahali. "Dans" ya Kifaransa haiwezi kufanya hivyo. Basi tuna ngeli za 16, 17 na 18 za Kibantu, zikiwa hai mwanzoni mwa nomino.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Uchaguzi huo ulileta faida kubwa ya maandishi ya pamoja. Haukuthibitisha kwamba lahaja nyingine zimeharibika.

4. Funzo kwa darasa

Mwanafunzi anapoandika mu ziwa, mara nyingi tunakata kwa wino mwekundu na kuandika ziwani. Umbo linakuwa sanifu, lakini maana imepungua. Napendekeza masahihisho yanayolinda maana:

mu ziwa: ndani ya ziwa
ku ziwa (mwendo): mpaka ziwani
ku ziwa (ukaribu): kando ya ziwa

Kwa njia hii mwanafunzi hujifunza usanifu bila kuacha ujuzi aliokuja nao kutoka nyumbani. Faida yake haiishii kwenye mtihani. Muuguzi anayeeleza dawa ipakwe wapi na fundi anayeonya kuhusu shimo wanahitaji kutenganisha "karibu na" na "ndani ya". Mwalimu anayesahihisha aulize kwanza: mwandishi alikuwa akisema pa, ku, au mu? Akishajua, ndipo achague umbo sanifu la kuandika.