Kutoka Biashara Street hadi Wadi ya Kansa

Kina mama wanaopinda leso pale Biashara Street walitupa swali: binti wa mmoja wao, muuguzi tayari, ataka kusomea kansa. Mamake asema hiyo ni kazi ya kuona watu wakifa tu.

Tuliwajibu hivi. Diploma anayo, na Baraza la Wauguzi la Kenya limemsajili. Kilichobaki ni kozi ya juu ya uuguzi wa kansa, mwaka mmoja, KMTC. Humo ndimo atafunzwa kazi yenyewe. Dawa nyingine za kansa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwa hiyo muuguzi hukaa karibu, atazama mkono, auliza, "Mama, yachoma?" Mgonjwa mwoga hasemi, lazima aulizwe tena. Na wako wanaopona, mamake ajue.

Zamani mgonjwa wa Pwani alipanda basi hadi Kenyatta, Nairobi, kupata tiba ya mionzi. Leo Coast General, ile tunayoiita Makadara, ina kituo chake cha kansa.

Je, uongozi? Wengi hudhani sista inchaji ni aliyekaa miaka mingi. Sivyo. Ni yule apangaye zamu bila upendeleo, huagiza dawa kabla hazijaisha, na mwenzake akifiwa na wagonjwa watatu wiki moja, humpumzisha. Hasara iko pia: makaratasi mengi, kitanda cha mgonjwa kinakuwa mbali. Asiyependa hilo abaki kitandani, si aibu.

Jadilianeni: akienda mwaka mzima, nani atakaa na watoto wake? Mchango wetu wa mzunguko waweza kulipa nini?