Kabla Hujalipia Mafunzo ya Ujasiriamali

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mwanamke anayefanya biashara ndogo, au anayekusudia kuianza, ambaye amealikwa kwenye mafunzo ya ujasiriamali na kuambiwa kuwa kuna kiingilio. Mwaliko huweza kumfikia kwa simu, kwa kipeperushi kilichobandikwa kituo cha daladala, kwa tangazo la msikitini au kanisani, au kwa shoga wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ada hutofautiana sana. Jambo moja halitofautiani: mafunzo ni huduma inayouzwa, na anayeyalipia ni mlaji kama anayelipia sukari au kushonewa nguo. Anastahili kuelezwa anachonunua kabla hajatoa fedha, na anastahili kukipata baada ya kutoa.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo katika matangazo mengi huchanganywa makusudi. Kuna stadi ya kutengeneza bidhaa, yaani kukoroga sabuni ya maji, kuchapa batiki, kusindika maembe, kusaga unga wa lishe. Na kuna stadi ya kuendesha biashara, yaani kupanga bei, kutunza daftari, kutafuta wateja, kutenga fedha za duka na za nyumbani. Madarasa mengi ya siku moja au mbili hufundisha ile ya kwanza na kujiita ya pili. Hatusemi stadi ya kukoroga sabuni haina thamani. Tunasema kwamba wanawake thelathini wakitoka darasa moja, mtaa mmoja, kila mmoja akiwa na ndoo ya sabuni ileile yenye rangi ileile, kilichobaki kufundishwa ni namna ya kuiuza, na hicho ndicho ambacho hakikufundishwa.

Je, hiyo stadi ya kuendesha biashara yenyewe husaidia kweli? Swali hili limechunguzwa na wataalamu katika nchi nyingi, na majibu yao yana faida kwa mnunuzi. Mjini Lomé, nchini Togo, watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, utunzaji wa kumbukumbu. La pili lilifundishwa tabia ya kuthubutu, yaani kutafuta fursa pasipo kusubiri kuambiwa, kujitofautisha na majirani, kuweka lengo na kurudi tena baada ya kushindwa. La tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba faida ya kundi la pili ilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa muda wa miaka miwili, ilhali ongezeko la kundi la masomo ya kawaida lilikuwa dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa hakika kuwa limeletwa na mafunzo.

Hapa kwetu Dar es Salaam ulifanyika utafiti mwingine, miongoni mwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo. Washiriki walipewa mafunzo ya vipindi vifupi vifupi, na baadhi yao wakapewa pia fedha za kuongezea mtaji. Wanaume walinufaika waziwazi. Kwa wanawake, manufaa yalionekana kwa shida. Matokeo haya yanatakiwa kusomwa kwa uangalifu, kwa maana yapo wanaoyageuza kuwa hoja kwamba mwanamke hafundishiki. Sisi tunayasoma vingine. Mwanamke anayefunga genge saa kumi ili akapike, ambaye faida ya leo ndiyo ada ya mtoto ya kesho, anaweza kuelewa somo vizuri kuliko mwalimu wake na bado asipate nafasi ya kulitumia. Kwa hiyo mafunzo mazuri kwa mwanamke ni yale yanayoanza kwa kuuliza saa zake, mzigo wake na ni nani mwenye kauli juu ya fedha anazochuma.

Upo pia mfano wa Jamhuri ya Dominika. Huko, wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni chache nyepesi, kama ile ya kuweka fedha za biashara mahali pake na za nyumbani mahali pake, walitunza hesabu zao vizuri kuliko wenzao waliofundishwa uhasibu rasmi. Basi wingi wa makabrasha si kipimo cha ubora.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Tuchukue mama mmoja wa kubuni ambaye hukoroga ndoo ya lita 20 za sabuni ya maji. Malighafi humgharimu shilingi 16,000. Huuza chupa ya lita moja kwa shilingi 2,000, hivyo ndoo nzima humpatia shilingi 40,000. Ukimuuliza faida yake atakujibu shilingi 24,000, na mwalimu aliyemfundisha kukoroga atamuunga mkono. Lakini chupa 20 tupu alizinunua kwa shilingi 400 kila moja, yaani 8,000. Lebo zilimgharimu 2,000, na nauli ya kwenda kununua malighafi na kurudi 2,000 nyingine. Gharama halisi ni 28,000, na faida imeshuka hadi 12,000. Chupa tatu amezikopesha kwa majirani ambao hadi leo wanampita njia ya uani. Hizo ni shilingi 6,000 ambazo hazimo mkononi. Kilichobaki ni 6,000, na bado hatujalipa siku yake ya kazi wala maji aliyotumia.

Ikiwa mama huyu alilipa shilingi 60,000 kuhudhuria mafunzo, atahitaji kukoroga na kuuza ndoo kumi, yaani chupa 200, ili kuirudisha ada hiyo tu. Huenda ikawa ni bei ya haki, kama mafunzo yatamwezesha kuuza kwenye hoteli na shule badala ya majirani. Isipomwezesha, amejinunulia cheti. Tumeviona vyeti vya namna hiyo, vyenye maua pembeni na mihuri miwili, visivyotaja hata somo lililofundishwa. Benki haikopeshi kwa cheti hicho, na mteja wa sabuni hakiulizi.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni mafunzo yanayoambatana na mkopo. Mara nyingine darasa ni la bure, na siku ya mwisho anaingia mtu mwenye fomu. Wanawake waliokaa pamoja siku tatu wameshazoeana, kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kukataa, na sahihi zinawekwa kabla ya masharti kusomwa. Mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu huingia majumbani kwa mlango wa aina hii. Kabla ya kutia sahihi, tambua kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka watoa huduma katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili. Hawa lazima wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Omba kuiona leseni. Orodha ya wenye leseni hutolewa kwa umma na Benki Kuu, na mkopeshaji wa kweli hakasiriki ukiulizia.

Hata riba iliyo ndani ya ukomo inahitaji swali la pili: inatozwa juu ya nini? Chukua mkopo wa shilingi 500,000 wa miezi kumi, unaorejeshwa kwa mafungu ya 50,000 pamoja na riba ya asilimia 3.5. Riba ikitozwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, jumla yake itakuwa shilingi 96,250. Ikitozwa kila mwezi juu ya zile 500,000 za mwanzo, kana kwamba hujalipa kitu, jumla itakuwa shilingi 175,000. Asilimia ni ileile, na tofauti ni shilingi 78,750. Mwombe mkopeshaji akuandikie kwa shilingi, wala si kwa asilimia, jumla ya fedha utakazokuwa umelipa siku ya mwisho, zikiwamo ada za fomu, bima na faini.

Msaada usio na gharama kubwa upo, ingawa huhitaji subira. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Mtu wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ambaye pia husaidia vikundi kujisajili. Yeyote atakayekudai fedha ya mkononi ili jina la kikundi chenu lipite anaomba rushwa. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo.

Kwa anayesindika au kutengeneza bidhaa, ofisi za SIDO zilizopo mikoani zimekuwa zikitoa mafunzo na ushauri tangu miaka ya 1970, na huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa Shirika la Viwango ili bidhaa zao zipimwe na kupewa alama ya ubora kwa masharti nafuu. Alama hiyo huzaa wateja kuliko cheti cha ukutani, kwani pasipo hiyo maduka makubwa hayaipokei bidhaa. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi nao uko chini ya shirika hilo, hivyo mwalimu anayekufundisha kusindika siagi ya karanga bila kulitaja amekufundisha nusu. Vilevile sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo. Mafunzo yanayoonyesha namna ya kujisajili katika mfumo wa NeST na kuomba zabuni ndogo ya usafi au chakula yana thamani tunayoweza kuitetea.

Jihadhari na darasa ambalo somo lake kuu ni kuwaleta wengine. Ukiambiwa kuwa utarudishiwa ada yako pindi utakapoleta watu watano, hapo hakuna mafunzo. Ni upatu, na kuuendesha ni kosa la jinai hapa nchini. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wataikumbuka DECI, na foleni za watu waliotaka kurudishiwa mbegu walizopanda.

Ukiamua kulipa, mwulize mwandaaji atakayefundisha ni nani na amewahi kuuza nini. Saa za vipindi na kama mtoto mchanga anaruhusiwa. Na kama kuna mtu atakayekutembelea kwenye biashara yako baada ya mwezi mmoja au miwili. Hili la mwisho ndilo tunaloliona zito kupita yote, nalo huulizwa mara chache. Omba majina ya wanawake wawili waliohitimu mwaka uliopita, uende ukawatazame wakiwa kazini.

Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, udai risiti, na utunze kipeperushi chenye ahadi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma inayouzwa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Andika tarehe, kiasi ulicholipa, jina lililotumika kwenye simu, ulichoahidiwa na ulichopewa. Kama mlikuwa wengi, pelekeni lalamiko moja lenye sahihi zenu wote, na nakala za risiti ziambatishwe.