Kamari: Wachezao Wengi, Wafungwao Wachache

Katika uchunguzi wa mwaka 2010 huko Uingereza, watu 73 katika kila 100 wenye miaka 16 na zaidi walikuwa wamecheza kamari mwaka ule, pamoja na bahati nasibu. Walionaswa nayo walikuwa wapata 9 katika kila 1,000.

Walijulikanaje? Waliulizwa maswali 10. Je, hurudi kucheza ili upate tena ulichopoteza? Je, huwadanganya jamaa zako? Aliyeitikia matatu au zaidi alihesabiwa miongoni mwao.

Basi mtu asiseme, “Ni wachache.” Jamaa zao hawakuhesabiwa, nao hulala njaa pamoja nao. Wala hakuna aanzaye kucheza akijua kwamba atanaswa. Heri kujiuliza maswali hayo mapema, kabla ya kuulizwa na mdai.