Glukosi Alfa au Beta? NMR Itakwambia

Diastereoma ni nini?

Ni molekuli zenye atomu zilezile zilizoungana kwa utaratibu uleule, ila zinatofautiana mkao, na moja si taswira ya mwenzake kwenye kioo. Chukua glukosi: ikijifunga pete, kundi la OH la kaboni ya kwanza huelekea upande mmoja au mwingine. Hapo ndipo alfa na beta zinapoachana.

Kupima masi hakutoshi?

Hakutoshi, zote ni 180. Nenda NMR moja kwa moja. Maumbo yao hayalingani, kwa hiyo haidrojeni zao hutoa ishara mahali tofauti.

Nitazame wapi?

Haidrojeni ya kaboni ya kwanza. Nyingine zimesongamana kati ya 3.2 na 3.9 ppm, huko usijisumbue. Hii imejitenga kwa kuwa kaboni yake imeshika oksijeni mbili. Katika maji mazito, alfa hutokea karibu 5.2 ppm na beta karibu 4.6. Kila ishara imepasuka vilele viwili. Pima pengo lake: alfa ni kama 3.7 Hz, beta kama 7.9.

Kwa nini mapengo yatofautiane?

Ni pembe iliyopo kati ya haidrojeni ya kwanza na ya pili, uhusiano aliouonyesha Martin Karplus mwaka 1959. Kwenye beta, moja imesimama juu na nyingine chini, nyuzi 180, hivyo pengo ni kubwa. Kwenye alfa ni nyuzi 60 hivi. Mimi huliamini pengo kuliko mahali pa ishara.

Niliyeyusha alfa tupu, nikaona zote mbili. Sampuli ni chafu?

Wala. Ndani ya maji pete hufunguka na kujifunga upya, hadi itulie kwenye alfa 36 na beta 64 kwa mia. Pima mara tu baada ya kuyeyusha, utaikuta alfa karibu peke yake. Au tumia DMSO, ambamo mabadiliko hayo huenda polepole sana.

Na kilele cha maji kinachoifunika beta?

Hicho hukaa karibu 4.8 ppm, na joto hukisogeza kwenye namba ndogo. Ukipasha hadi 40°C tu, unakipeleka juu ya beta yenyewe! Pandisha hadi 60 hivi kiipite, au poza sampuli kirudi nyuma.