Hofu ya Kukataliwa katika Posa
Somo: Mwanzo 24

Wako vijana katika sharika zetu wampendao msichana kwa moyo safi, walakini hawathubutu kunena wala kutuma mshenga. Haya yawafunga kinywa. Waogopa kukataliwa na kuchekwa na wenzao.

Tumtazame mtumishi wa Ibrahimu. Kabla hajashika njia aliuliza, itakuwaje mwanamke asipokubali? Ibrahimu hakumkemea, alimjibu kwamba ikiwa hivyo, atakuwa huru na kiapo chake. Basi kukataliwa kulitajwa wazi tangu mwanzo, wala hakukuhesabiwa kuwa aibu ya mtumishi. Tena ndugu yake Rebeka na mama yake, ijapokuwa zawadi zilikwisha kupokewa, walimwita wakamwuliza mwenyewe kama atakwenda. Angaliweza kusema la. Ndiyo maana kukubali kwake kulikuwa na uzito.

Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa kwanza, alimkataa mchungaji Kaspar Glatz, ambaye Luther alitaka amwoe. Akasema wazi kwamba angemkubali Amsdorf, rafiki wa Luther, au Luther mwenyewe. Naye Luther akamwoa Juni 1525. Glatz hakufa kwa neno hilo!

Twawaomba walimu wasimcheke kijana ajaye kuuliza shauri. Na aulize mara moja, kwa heshima, kwa njia ya wazee wake. Akijibiwa la, asimsengenye binti kisimani wala asitafute dawa kwa mganga. Jumapili aketi kanisani mahali pake pale pale.