Mbona Huwezi Kubadilisha Rangi ya Programu Yako ya Pesa?

Unakumbuka simu za Nokia za vitufe? Wengi wetu tulikuwa tunarushiana mandhari kwa Bluetooth: leo maua, kesho timu ya mpira. Kwenye kompyuta ilikuwa vivyo hivyo. Winamp, programu ya muziki iliyotoka 1997, ilipata sura nyingi zilizobuniwa na watumiaji wenyewe. Windows XP ya 2001 nayo ilikuja na rangi tatu: bluu, kijani cha zeituni na fedha.

Siku hizi programu nyingi zinakupa chaguo mbili tu, mandhari meupe au meusi. Hata Firefox iliacha mandhari ya kubadilisha sura nzima mwaka 2017.

Kwa nini zimepungua?

Kila sura mpya lazima ijaribiwe kwa kila kitufe, na programu ikisasishwa, sura za zamani huharibika. Pia, ukitupigia useme "nimekwama hapa", mhudumu anafaa kujua unaona nini. Isitoshe, kila kampuni inataka utambue rangi zake upesi.

Hapo ndipo pa kuwa makini

Sura moja kwa wateja wote ni rahisi kutambua, lakini pia ni rahisi kuiga. Tapeli akishanakili nembo na rangi, kazi yake imekwisha. Kwa hivyo rangi si ushahidi. Kabla ya kuweka PIN, kumbuka haya:

1. Pakua programu kwenye duka rasmi la simu yako pekee. Faili ya "toleo jipya lenye rangi" uliyotumiwa kwa WhatsApp, ifute.

2. Programu ya kupamba simu haina haja ya kusoma SMS zako, wala ya ruhusa ya Ufikivu. Ikiomba, kataa. Kwa ruhusa hizo inaweza kuona nambari za uthibitisho na kufuatilia unachoandika.

3. PIN ni yako peke yako. Hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza.

4. Ukishuku umeweka PIN mahali si penyewe, usiibadilishe kwa simu hiyo hiyo. Tumia simu nyingine upigie huduma kwa wateja akaunti izuiwe kwanza.

Unachoweza kubadilisha bado

Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya skrini. Kwenye simu nyingi utapata mandhari meusi na ukubwa wa maandishi. Kama mzazi wako husoma ujumbe akiwa amenyoosha mkono, mkuzie maandishi leo. Si urembo tu: sufuri moja isiyoonekana vizuri ndiyo tofauti kati ya kutuma Sh1,000 na Sh10,000.

Pamba simu upendavyo, lakini kabla ya PIN, uliza kwanza: programu hii nimeitoa wapi?