Somo la Kazi: Je, Wewe Bado ni Kibarua?

Asubuhi na mapema kule Runyenjes au Nkubu, utawakuta watu njiani, jembe begani, wakienda kutafuta kazi ya siku. Wote hujiita vibarua. Lakini wako waliokwenda shamba lile lile mwaka mzima, na hao sheria haiwaiti vibarua tena.

Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua ni mtu anayelipwa kila jioni na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakutia sahihi karatasi yoyote. Jumapili haikati mfululizo huo: baada ya siku sita za kazi, anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo.

Tuseme mama mmoja anapalilia na kukamua ng'ombe kwa tajiri mmoja, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa miezi miwili. Sasa ana haki sawa na aliyeandikwa tangu mwanzo. Mnyapara hawezi kumwambia tu, "Kesho usije." Anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake, na akifikisha mwaka, likizo ya siku 21 yenye malipo. Wala asilipwe kidogo kuliko mwanamume anayefanya kazi ya thamani ile ile. Kifungu cha 5 kinakataza.

Anayechuma majani chai kwa kilo ana utaratibu wake: hulipwa kazi ikiisha au mwisho wa mwezi, lolote litakalotangulia.

Je, kiasi gani? Amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka shilingi 7,997 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi maalum. Kukubali chini ya hapo kwa sababu ya shida hakumwondolei mwajiri deni.

Wengi hunyamaza wakidhani hawana ushahidi. Kuandika masharti ya kazi ni jukumu la mwajiri, na asipoleta maandishi hayo mbele ya sheria, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Hata hivyo, andika tarehe ulizofanya kazi katika daftari, na usifute ujumbe wa M-Pesa.

Jambo moja huwachanganya wakaazi: malalamiko haya hayaamuliwi na kaunti. Mpelekee afisa wa kazi wa serikali ya kitaifa, na yakishindikana huko, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo mjini Meru. Kwa kawaida, kesi isiyofunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu haki yako ilipovunjwa haitasikizwa.